Kahawa ya mwaka mgumu: kulinda ladha pale mvua inapobabaisha

Mvua ya kwanza inanyesha katikati ya Oktoba, inazima vumbi na kulowesha udongo kidogo. Baada ya siku 8 hadi 12 mibuni inachanua na shamba zima linanukia. Kisha jua linarudi, wiki tatu bila tone. Mvua nyingine inakuja Novemba na maua mengine, Desemba tena hivyo hivyo. Mkulima wa Mbozi, Ileje au Mbeya Vijijini anayeona hali hiyo aanze kupanga mavuno yake siku hiyo hiyo, maana kila mchanuo una wakati wake wa kuiva. Ikifika Juni, tawi moja litakuwa na matunda ya kijani, ya njano, mekundu na mengine yaliyokaukia mtini. Hapo ndipo ladha ya mwaka mzima hupotea au huokolewa.

Wakulima wengi, mwaka ukishaharibika, husema basi, tuchume tu tumalize, kahawa ya mwaka huu haina kitu. Naielewa hasira hiyo, lakini sikubaliani nayo hata kidogo. Mvua ikikorofisha inakunyang'anya kilo, na kuna kiasi ambacho huwezi kukirudisha kwa namna yoyote. Utamu wa zile kilo zilizobaki, hata hivyo, uko mikononi mwako kwa sehemu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tena mwaka wa kahawa chache ndio mwaka ambao kila kilo inastahili kuuzwa kwa bei ya juu inayowezekana.

Tunda linakua kwa hatua, na kila hatua ina adui wake

Kahawa ya arabika ya Nyanda za Juu Kusini hulimwa zaidi kati ya mita 1,200 na 1,800 kutoka usawa wa bahari. Tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi kirefu. Kiangazi hicho ni neema kwa mbuni. Machipukizi ya maua hulala wakati wa ukavu na kusubiri maji. Kiangazi kikiwa kikavu kweli na mvua ya kwanza ikiwa kubwa, maua huamka kwa pamoja na mavuno huja kwa pamoja. Manyunyu yanayokuja na kukatika ndiyo yanayoleta maua ya mafungu. Jua likiwa kali mno wakati machipukizi yanataka kufunguka, mengine hubaki vidude vidogo vya kijani visivyofunguka na huanguka bila kuzaa.

Tangu ua kupukutika hadi tunda kuiva hupita miezi 7 hadi 9. Kwa wiki sita hivi za mwanzo kitunda hakionekani kukua. Baada ya hapo, kwetu ikiwa ni kati ya Desemba na Februari, kinatanuka kwa kasi, na ndani yake vile vyumba viwili vya punje vinapata ukubwa wake wa mwisho. Hapa maji ndiyo kila kitu. Ukame wa katikati ya msimu, ule wa Januari au Februari, ukiikuta kahawa katika hatua hii, vyumba vinakakamaa vikiwa vidogo na havitanuki tena hata ikija gharika. Matokeo yake utayaona kiwandani baada ya kukoboa. Daraja la AA ni punje zinazobaki juu ya chekeche namba 18, lenye matundu ya milimita 7 na ushee. Kahawa ambayo ingekuwa AA inadondoka hadi B au C. Mara nyingi utaona pia PB zimeongezeka, zile punje za mviringo zinazokua peke yake ndani ya tunda baada ya mwenzake kushindwa.

Kuanzia Februari hadi Aprili punje inajaa. Mvua ikikata mapema mwezi Machi, chumba kinaweza kuwa kikubwa na punje ndani yake ikawa nyepesi, imekunjamana. Tafadhali zitofautishe hali hizi mbili, kwa sababu watu huzichanganya na hasara yake ni kubwa. Punje ndogo iliyojaa vizuri si kahawa mbaya. Inaweza kupangwa daraja la chini kwa ukubwa na bado mwonjaji akaipenda kuliko AA ya jirani. Punje nyepesi isiyojaa, hata ikiwa kubwa, haina sukari wala harufu ya kutosha, na ikikaangwa hubaki na rangi hafifu na ladha ya karanga mbichi.

Kinachojaza punje ni majani, sukari yote hutengenezwa huko. Ndiyo maana kutu ya majani inaumiza ladha hata kama haigusi tunda. Mti uliopukutisha majani mwezi Machi huku umebeba matunda mengi hunyonya akiba ya matawi na mizizi yake wenyewe: ncha za matawi zinakauka, matunda yanageuka rangi kabla ya wakati, na mkulima anafurahia kwamba kahawa imewahi kuiva. Haijaiva. Imekufa njaa. Kata tunda moja kwa kucha uone: lililoiva kweli hutoa ute mwingi na punje huteleza na kuruka ukiliminya, lililogeuka rangi kwa njaa lina ute kidogo, nyama yake imeshikamana na punje.

Mvinyo na kahawa havifanani katika kiu

Watu wanaofuatilia mvinyo mwekundu wanajua kwamba mwaka huandikwa kwenye chupa, na kwamba miaka migumu imewahi kutoa mvinyo unaokumbukwa. Mzabibu unapopata kiu ya wastani baada ya matunda kushika, zabibu hubaki ndogo. Na kwa kuwa rangi na ule ukakasi wa mvinyo mwekundu vinatoka kwenye ganda, zabibu ndogo yenye ganda jingi ukilinganisha na maji yake hutoa mvinyo mzito. Wakulima wa Dodoma, walikozoea kulima zabibu kwenye ukavu, wanalijua jambo hili.

Nimelitaja kwa sababu kuna wanaodhani kahawa nayo ikiteseka kwa kiu inakuwa tamu. Sivyo. Kwenye kahawa tunakunywa mbegu, na ganda tunalitupa. Kinachoisaidia mbegu ni kuiva polepole kwenye baridi, si kukosa maji. Usiku wa Juni na Julai, baridi inapouma Mbozi na Rungwe, tunda huchelewa mtini na punje hupata muda wa kukaza na kujaza sukari. Hiyo ndiyo zawadi ya eneo letu na inakuja hata mwaka wa mvua mbovu, ilimradi mti uwe bado na majani na wewe usiwe na haraka.

Kabla ya mavuno

Mengi ya kufanya shambani wataalamu wa ugani wameyasema miaka yote, kwa hiyo nitayapitia kwa kifupi. Tandaza nyasi, mabua ya mahindi au majani ya migomba kwa unene wa sentimita 10 hadi 15 kabla mvua haijapungua, na usiyasogeze hadi kwenye shina. Mizizi inayolisha mbuni iko zaidi kwenye sentimita 30 za juu za udongo. Jembe la mkono linalochimbua magugu wakati wa ukame linakata mizizi hiyo hiyo unayotaka ipate maji, hivyo bora kufyeka au kung'olea. Mbolea ya chumvichumvi usiiweke kwenye udongo mkavu kwa sababu tu kalenda imefika. Subiri udongo uwe na unyevu, na ugawe dozi mara mbili au tatu ndani ya msimu badala ya kumwaga yote kwa mkupuo mmoja.

Kivuli kinahitaji akili ya mahali. Kwenye uwanda wa Mbozi ambako jua ni kali, migrevilea au miti ya mruka iliyopunguzwa matawi hupunguza joto la mchana na kuchelewesha kuiva, na mwaka mkavu utaona tofauti kati ya mti ulio chini ya kivuli chepesi na ulio juani. Rungwe ni habari nyingine. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini. Kivuli kizito kule huweka majani na matunda katika unyevu wa kudumu, na chulebuni hufurahia. Ugonjwa huo hushambulia zaidi matunda mabichi yanayotanuka wakati wa baridi na mvua, na dawa za shaba hukinga tu, haziponyi tunda lililokwisha kuoza. Ukisubiri uone madoa meusi ndipo upige, umechelewa. Kama una aina za zamani kama N39 au KP423 na kila mwaka wa mvua nyingi unapambana na chulebuni na kutu, zungumza na kituo cha TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, kilichoko Mbimba pale Mbozi kuhusu miche ya aina chotara zinazostahimili magonjwa yote mawili. Ni kazi ya miaka, lakini ni kazi inayolipa.

Kuchuma

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mwaka wa maua ya mafungu hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Mwaka mzuri unaweza kumaliza shamba kwa raundi tatu au nne. Mwaka wa maua ya mafungu jiandae kurudi kila baada ya siku 7 hadi 14, na raundi ya kwanza na ya mwisho zitakuwa na kahawa kidogo hadi utajiuliza kama zina maana. Zina maana. Ukiacha nyekundu za Mei zisubiri za Juni, zitapitiliza, zitaanza kuchacha mtini au kudondoka, na ruhuka, yule mdudu anayetoboa punje, atahamia humo na kuzaliana. Ukikwanyua tawi lote kwa mkono mmoja ili kuokoa muda, unachanganya mbichi na mbivu, na mbichi haina ute wa kuitelezesha kwenye mashine: inapasuka au inapita na ganda lake. Punje zake hutoa ukakasi kwenye kikombe ambao hakuna mkaangaji anayeweza kuuondoa.

Mama mmoja mwenye shamba dogo la kahawa huko Mbozi aliniambia, "Bwana shamba, sisi tunajua kuchagua. Wanaochuma ndio tunaowalipa kwa debe, na debe halina macho." Amesema kweli. Anayelipwa kwa kujaza debe atalijaza na chochote kilichomo kwenye tawi. Dawa niliyoona ikifanya kazi ni kulipa bei mbili: debe la nyekundu tupu lina bei yake ya juu, debe lenye mchanganyiko lina bei ya chini, na mwenye shamba anamwaga kila debe kwenye turubai na kulichambua mbele ya mchumaji kabla ya kulipa. Siku ya kwanza patakuwa na maneno. Siku ya tatu vidole vimezoea.

Suala hilo hilo liko kwenye vyama vya msingi, na hapa nitasema wazi. Chama kinachompokelea aliyechagua na aliyekwanyua kwa bei moja kinamwadhibu mwenye bidii. Kamati ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, yenye mtambo wa kati wa kumenyea ipange siku za kupokea kwa raundi ndogo ndogo katika mwaka kama huu, hata kama mtambo hautajaa, na iwe na ujasiri wa kurudisha kahawa mbichi kwa mwenyewe akaichambue.

Baada ya kuchagua, mwaga matunda kwenye ndoo au tangi la maji safi. Yanayoelea yaondoe. Mwaka wa ukame yatakuwa mengi kuliko kawaida, kwa kuwa ndiyo yale yasiyojaa na yaliyotobolewa na wadudu. Yaanike peke yake yauzwe kama kahawa ya maganda. Yaliyookotwa chini ya mti nayo yasiingie kwenye kundi zuri kwa hali yoyote. Inauma kuona debe linapungua, lakini yanayoelea yakibaki yatashusha bei ya yote yaliyozama.

Mashine, baridi na maji

Menya siku hiyo hiyo, isizidi saa 8 tangu kuchuma. Rekebisha mashine kila raundi, maana matunda ya mwaka mgumu yana ukubwa tofauti: iliyobanwa kwa ajili ya punje kubwa itapitisha ndogo bila kuzimenya, na iliyobanwa kwa ndogo itachubua kubwa. Weka konzi moja ya matunda kwanza, angalia kinachotoka, ndipo uendelee. Ukimaliza, osha mashine mpaka ndani. Punje iliyobaki jana na kuoza ikiingia kwenye kundi la leo, mwonjaji ataigundua.

Uchachushaji, yaani kuiacha kahawa iliyomenywa kwenye tangi hadi ute uachie, hauna muda mmoja kwa watu wote. Bonde lenye joto unaweza kumalizika kwa saa 12 hadi 24. Julai kwenye baridi ya juu unaweza kuchukua saa 48 au zaidi. Mkulima anayefuata saa za jirani wa bondeni ataosha kahawa ambayo ute bado umeng'ang'ania, na atakayeisahau ataipata imechacha kupita kiasi, yenye harufu ya siki au vitunguu. Tumia mkono. Chota konzi kutoka katikati ya tangi, suuza, kisha sugua kwa viganja vyote viwili. Ikiteleza, bado. Ikikwaruza na kutoa sauti, ute umeisha. Osha mara moja kwa maji safi, usingoje kesho. Matunda ya mwaka wa ukame yana ute kidogo na huchachuka mapema, kwa hiyo anza kupima saa chache kabla ya muda uliozoea.

Kuanika mvua inapokataa kuondoka

Kuna miaka adui si ukame bali mvua zinazochelewa kukata, zikaingia Mei na hata Juni. Matunda yanapasuka mtini, mengine yanaanguka, na pachimenti, yaani kahawa iliyomenywa ikiwa bado na ngozi yake ya ndani, inabaki mbichi mezani siku nyingi. Kahawa inayokaa na maji inaota ukungu, na baadhi ya ukungu hutengeneza sumu ya okratoksini ambayo Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo kwenye kahawa inayouzwa kwake. Kukaanga vizuri hakuiondoi sumu hiyo yote.

Siku ya kwanza tandaza pachimenti nyembamba kabisa juu ya meza ya waya, upepo upite chini na juu, na toa zile zenye ganda, zilizokatwa na zilizobadilika rangi wakati bado zimelowa, maana ndipo zinapoonekana vizuri. Zikishakauka juu unaweza kuongeza unene hadi sentimita 4 au 5. Kuanzia hapo jua kali la mchana ni hatari sawa na mvua: ngozi inapasuka na punje inabaki wazi. Funika kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri siku za mwanzo jua likiwa kali, funika kila usiku, na geuza mara kwa mara. Turubai lisikae juu ya kahawa yenyewe; liinue kwa fito ili hewa ipite na jasho lisirudi. Kahawa iliyokaribia kukauka ikinyeshewa hubadilika rangi na kuwa na mabaka, na hapo hakuna kurudi nyuma.

Lengo ni unyevu kati ya asilimia 10.5 na 12. Chama kikiwa na kipimo, kitumie. Kama hakuna, toa ngozi uangalie punje: iliyokauka vizuri ina rangi ya kijani inayoelekea bluu, na ukiiuma kwa jino haibonyei. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, mbali na mbolea na mafuta ya taa. Kahawa hunyonya harufu.

Tenganisha kwa raundi

Katika mwaka mgumu, jambo hili moja likifanyika limefanya mengi. Kila raundi ya kuchuma iwe na meza yake, gunia lake na karatasi yake yenye tarehe, sehemu ya shamba na hali ya hewa ya siku zile. Raundi za katikati, zile zilizoiva kwenye baridi ya Juni na Julai, mara nyingi ndizo bora, na raundi ya kwanza iliyoiva kwa njaa mara nyingi ndiyo dhaifu. Zikichanganywa gunia moja, nzuri haiinui mbaya. Mnadani kahawa huonjwa, na bei hufuata kikombe pamoja na ukubwa wa punje.

Unaweza kujua mapema nyumbani. Koboa punje kiasi cha kiganja kutoka kila raundi, kaanga kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo huku ukikoroga, kisha mwaga kwenye sinia. Punje zinazobaki za rangi ya udongo wakati nyingine zimekuwa kahawia iliyokolea ni mbichi au zisizojaa. Hesabu. Raundi yenye nyingi usiipeleke pamoja na nyingine, na mwakani uangalie ilitoka sehemu gani ya shamba, kama ni ile isiyo na matandazo au ile iliyopata kutu.

Mti baada ya msimu

Mavuno yakiisha pita shambani mara moja zaidi na kuondoa kila tunda lililobaki mtini na chini. Maua ya mafungu huacha vitunda vya kuchelewa ambavyo havitaiva vizuri. Vikiachwa vitalisha ruhuka na kubeba chulebuni hadi msimu ujao. Punguza machipukizi na matawi yaliyokauka ncha, lakini kwa mti ulioumia usikate kwa hasira. Acha matawi machanga yenye majani, ndiyo yatakayozaa. Mashina yaliyochoka kabisa yakate kwa zamu, sehemu ya shamba kila mwaka, usije ukabaki bila mavuno.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili kwa mikoa yetu yenye msimu mmoja wa mvua. Usikilize ukishatoka, kisha panga matandazo, dawa ya shaba na idadi ya wachumaji kulingana nao. Ukisema mvua zitachelewa kuanza au zitakuwa za kukatika, nunua turubai na utengeneze meza za ziada kabla ya Aprili, maana raundi zitakuwa nyingi na hutaki raundi mbili zikutane juu ya meza moja.